Muuaji Aitwapo "Staringi"

Usiku mmoja mjini Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, tulikuwa ugenini wakati mtoto wa mwenyeji wetu, mwenye umri wa miaka 13, alipoingia baada ya Isha akitokea kibanda cha video. Mama yake alidhani yuko madrasa. Hakugombezwa mbele ya wageni. Tukamwomba atusimulie alichokitazama.

Alisimulia vizuri mno. Wafungwa wawili, mzee na kijana, hutolewa gerezani kwa siri wakaue watu kwa malipo, kisha hurejeshwa. Nani atamshuku mtu aliye kifungoni?

Tuliitambua. Ni On the Job, filamu ya Ufilipino ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Erik Matti. Si filamu ya kipuuzi hata kidogo. Inafichua kwamba nyuma ya wauaji hao wamo wakubwa wenye vyeo, na kwamba mzee yule anamlea kijana katika uuaji kama fundi anavyomlea mwanagenzi wake. Mtu mzima humaliza kuitazama akiwa na huzuni.

Mtoto wetu hakuiona huzuni hiyo. Vibandani humo mkalimani huzungumza juu ya sauti ya filamu, kazi iliyompatia Lufufu umaarufu nchini, na mkalimani wa filamu hii alimwita muuaji "staringi". Staringi, kila mtoto ajuavyo, hashindwi. Ukumbi ulipiga makofi kwa kila risasi.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, imeweka Bodi ya kukagua filamu, lakini mlangoni usiku ule hapakuwa na wa kuuliza umri. Nasi hatujasahau hofu ya Panya Road iliyoikumba Dar es Salaam Januari 2015, ikarudi tena 2022. Hatusemi filamu ndiyo iliyowazaa vijana wale. Kusema hivyo ni kuwapunguzia wazazi hesabu yao.

Baba mtu alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza, "Mwanangu, yule aliyeuawa, alikuwa baba wa nani?"

Mtoto akafikiri. "Mkalimani hakusema, baba."

Kesho yake, baada ya Alfajiri, mzee alikwenda kwa mwenye kibanda. Akajibiwa kwa adabu kwamba kiingilio hakina umri. Hivi sasa anawatafuta wazazi wenzake waende pamoja.