Kihispania Bila Historia Hakitoshi Arusha

Maoni yaliyochapishwa kwamba mwongoza watalii wa Arusha anahitaji kozi fupi ya mazungumzo tu, na kwamba shahada inayounganisha Kihispania na historia ni kupoteza ada, yanaidunisha kazi yenyewe. Maamkizi na majina ya wanyama hujifunzwa haraka, sikatai. Lakini mgeni kutoka Mexico anayezuru Akheri, chini ya Mlima Meru, akiuliza ardhi hii ina historia gani, atajibiwaje? Jibu lipo: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Anayejua pia jinsi madai ya ardhi yalivyochochea mapinduzi ya Mexico ya 1910 ndiye atakayelieleza likamwingia mgeni. Wanaodai Kihispania hakituhusu Waafrika wanaisahau Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Kihispania ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, na mahakama ya umoja huo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapa hapa Arusha. Gharama ni hoja ya kweli, ila inadai mikopo na ufadhili, haidai elimu nusu. Vyuo vyetu viifundishe shahada hiyo, na shauri la ardhi ya Wameru liwe somo la lazima ndani yake.