Ondoeni tetrasaiklini kwenye maji ya kuku

Vifaranga watatu wakifa usiku mmoja, mfugaji wa broila wa Keroka au Nyamira mara nyingi hukimbilia agrovet, akarudi na pakiti ya tetrasaiklini na kuikoroga kwenye maji ya banda zima, wagonjwa na wazima pamoja. Wapo wanaoanza siku ya kwanza na kuendelea hadi wiki ya kuuza, wakiamini kuku atanenepa upesi. Mtindo huu ukome.

Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulizimaliza zote Januari 1, 2006. Dozi ndogo ya kila siku haiui bakteria wote. Wanaosalia ni wale walioizoea dawa, nao hawaishii bandani. Tena kuku akichinjwa kabla ya kuisha siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, mlaji hula na mabaki ya dawa.

Ndiyo maana tunawaunga mkono wafugaji wanaogeukia saumu, tangawizi, manjano, pilipili na mlonge. Huu si uganga. Saumu ikipondwa hutoa alisini, inayopunguza bakteria wabaya tumboni. Pilipili haimwashi kuku kama inavyotuwasha sisi. Lakini kipimo ni muhimu: majaribio mengi yametumia kama gramu 5 hadi 10 za unga wa saumu kwa kilo moja ya chakula. Ukijaza mkono, kuku hususa chakula. Mlonge nao ukizidi humjaza nyuzi na uzito hauji.

Wala si kila kilichoota shambani kinafaa. Kisii imejaa avokado, na majani, maganda na kokwa zake zina persini, sumu inayoweza kudhuru moyo wa ndege. Usiwatupie kuku.

Tusidanganyane, hata hivyo. Broila hufika kilo mbili kwa wiki kama sita, na chakula hula karibu thuluthi mbili za gharama. Chakula hicho kikitengenezwa kwa mahindi yaliyoota kuvu, na mvua zetu hazimpi mtu nafasi ya kukausha vizuri, aflatoksini itaharibu ini la kuku na saumu haitaliokoa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 34. Baridi ya usiku ya milima hii humuua bila msaada wa kijidudu chochote. Maranda yaliyolowa ndiyo makao ya kuhara damu. Kideri na Gumboro ni virusi: antibiotiki haziviwezi, tangawizi haiviwezi. Ni chanjo tu. Na siku ya kuchanja kwa maji, wape maji matupu yasiyo na klorini, saumu wala siki, la sivyo utamwaga chanjo bure.

Ufugaji na huduma za mifugo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kwa hiyo tunazitaka Kisii na Nyamira zifanye jambo lisilo na gharama kubwa: zishirikiane na Chuo Kikuu cha Kisii, zilishe makundi mawili ya broila, moja kwa saumu na moja bila, kwenye mabanda ya wafugaji wenyewe, kisha zitangaze uzito na gharama. Mfugaji naye asingoje. Ligawe kundi lako kwa wavu, pima kuku kumi kila upande kila wiki, andika chakula walichokula. Ikiwa saumu haikulipi, iache iende jikoni.

Kwa wenye agrovet ombi letu ni moja: msiuze antibiotiki kwa mtu asiye na cheti cha dawa kutoka kwa daktari wa mifugo, hata kama ni jirani yenu.