Uchu wa Chipsi na Tumbo Lisilotaka Ugomvi



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi hulitaja kwa kunong'ona, na tena kwa aibu: mtu ana tumbo dhaifu, ameambiwa aache vyakula vya kukaangwa, naye kila jioni anajikuta amesimama mbele ya banda la chipsi. Anakula, usiku halali kwa kiungulia, asubuhi anajilaumu, na jioni yu pale pale tena. Wapo waliokwisha kuamini kwamba hawana utashi kabisa.

Mimi siamini hivyo. Naamini kwamba wamepewa nusu ya shauri. Wameambiwa cha kuacha, hawakuambiwa cha kula. Na wale walioambiwa cha kula, mara nyingi wameambiwa visivyo.

Tuanze na banda lenyewe. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, watu wakaacha kungoja kivuko pale Ndundu, barabara ya Lindi na Mtwara imekuwa na pilika nyingi, na Kibiti imekuwa mahali pa kushuka, kula upesi na kuendelea na safari. Chakula cha msafiri sharti kiwe tayari, cha moto na chenye harufu ya kumwita mtu. Kwa hiyo chipsi mayai, sambusa, bagia, mihogo ya kukaanga, soda. Siwalaumu akina mama na vijana wanaovipika, kwa maana karo za watoto zinatoka humo. Lakini tuelewe kinachotokea tumboni. Mafuta mengi hukichelewesha chakula kutoka tumboni, na hulegeza mlango ulio kati ya umio na tumbo, hivyo asidi hupanda juu. Gesi ya soda hulivimbisha tumbo lililokwisha kujaa. Juu yake tunamimina pilipili ya chupa na kachumbari yenye siki. Na ile soda ya kola, chupa ya mililita 350, huwa na sukari karibu gramu 37, yaani takriban vijiko tisa vya chai. Mtu aliyeona mwenzake akitia vijiko tisa katika kikombe angempokonya kijiko!

Sasa, uchu huo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka katika njaa. Chunguza siku ya mtu wetu: asubuhi chai ya rangi na andazi moja, mchana kazi imembana hajala, saa kumi na mbili jioni mwili unadai, na cha kwanza kunukia ni mafuta ya banda. Tusitazamie utashi kumshinda mtu mwenye njaa. Aliyekula uji wa mchele asubuhi, na saa sita akapata wali laini na samaki, atapita mbele ya banda lile lile, ataisikia harufu, naye atapita. Ndiyo maana nasema vita hivi hupiganwa mchana.

Hapa lazima niseme jambo la pili, ambalo huwaudhi baadhi ya washauri wetu wa afya wa mitaani. Si kila chakula chema ni chema kwa kila tumbo. Nimesikia watu wenye vidonda vya tumbo wakishauriwa kunywa maji ya ndimu kabla ya kula, kutafuna vitunguu saumu vibichi, kula kabeji mbichi na sahani nzima ya maharage. Tumbo zima huenda likavistahimili. Tumbo lililochubuka litalia, na mwenye tumbo atahitimisha kwamba chakula cha afya kinamdhuru kuliko chipsi, kisha atarudi bandani akiwa na hoja mkononi.

Basi tutafute kile ambacho uchu unakitaka hasa, tukipe kwa njia ya upole. Anayetaka chipsi mara nyingi anataka ukoko na chumvi. Chukua kiazi kitamu au muhogo mtamu, uchemshe kwanza uive vema, kisha ubanike juu ya makaa mpaka ushike rangi, nyunyiza chumvi kidogo. Ukoko upo, mafuta hayapo. (Muhogo mchungu ni jambo jingine, wazee wetu hawakuuloweka na kuukausha kwa mchezo, maana una sumu.) Anayetaka kitu chenye mafuta apikiwe samaki kwa tui la pili, lile jepesi, wala si tui zito la kwanza, na ndimu, ukwaju na embe bichi viwekwe pembeni kwa wenye matumbo yao. Watu wa delta, kutoka Nyamisati hadi visiwa vya ndani ya mikoko, wana samaki, wana mpunga, wana nazi. Inasikitisha kuona samaki mbichi wa namna hiyo akizamishwa katika mafuta yaliyokwisha kuchemka mara nyingi.

Anayetaka utamu ana papai, ndizi mbivu na boga lililochemshwa. Badala ya soda kuna dafu, lisilo na gesi na lenye sukari kidogo zaidi, ingawa mgonjwa wa figo amwulize tabibu kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi. Korosho ni zetu na ni njema, lakini nazo zina mafuta: kiganja kimoja, baada ya chakula. Kunde na mbaazi ziloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, mtu aanze na vijiko vichache. Mchicha na matembele vipikwe vilainike. Kula kidogo kidogo, na usilale kabla ya saa mbili au tatu kupita.

Wengine wataniuliza kama uchu huu si dhambi ya ulafi. Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, ndiye aliyezichambua namna za ulafi, ikiwemo kula kabla ya wakati na kula kwa pupa. Lakini yeye mwenyewe aliteswa na tumbo, hata akasimulia katika Majadiliano yake jinsi alivyohuzunika kwamba hakuweza kufunga Jumamosi Kuu. Aliujua udhaifu wa mwili kutoka ndani. Basi asiye na tumbo bovu asiwe mwepesi wa kumhukumu mwenye nalo.

Tena chakula peke yake hakitibu kila tumbo. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori husababisha vidonda vya tumbo. Huyo hupimwa, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi; papai halimwondoi, wala zile chupa zinazouzwa ndani ya mabasi. Chanzo kingine kikubwa ni vidonge vya maumivu, diklofenaki na aspirini, ambavyo wakulima wengi humeza kwa ajili ya mgongo, tena bila kula. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au kukwamwa na chakula kooni, asihangaike na viazi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wengine waliobaki, msiache vyote kwa siku moja. Anza na soda. Juma linalofuata, pilipili ya chupa. Chipsi zikibaki mara moja kwa juma, sahani ndogo, mapema jioni, sioni ubaya. Na mwombe yule mama wa banda akuwekee viazi vitamu viwili pembeni ya makaa yake. Makaa anayo tayari, na wateja wakiwa watano atanunua gunia.