Hadubini Bila Jicho ni Chuma Tu



Hospitali ikipata hadubini mpya, wakubwa hupiga makofi na picha hupigwa. Sisi hatuna ugomvi na mashine. Tunauliza tu: ni nani atakayekaa mbele yake, na atapewa muda gani?

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa huchomwa kidole, tone la damu likapakwa juu ya kioo, likakaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa. Kisha mpimaji hutia mafuta kidogo juu yake na kuangalia kwa lenzi zinazokuza mara 1,000. Kwa kukuza hivyo, huona kijisehemu kidogo sana cha kioo kwa mara moja. Kabla ya kusema mtu hana malaria, kanuni inamtaka aangalie vijisehemu 100. Akiharakishwa akaishia 20, vijidudu vikiwa vichache vitampita, na mgonjwa atarudishwa kazini akiwa navyo damuni.

Tupige hesabu. Tuseme kioo kimoja chataka dakika 6. Saa moja ni vioo 10. Foleni ikiwa na watu 80 na mpimaji ni mmoja, ni saa 8 bila kuinua macho wala kula, na kazi ya kupaka na kutia rangi hatujaihesabu. Vijidudu vya kifua kikuu, alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882, navyo hutafutwa katika makohozi kwa jicho lile lile.

Wengine husema vipimo vya haraka vimekuja, hadubini haina kazi tena. Si kweli. Vipimo hivyo ni msaada mkubwa pasipo na maabara, lakini havihesabu vijidudu, na vingine huendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hadubini ndiyo ionyeshayo kama dawa inafanya kazi.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Ni shauri jema, maana si kila homa ni malaria. Lakini mzigo wake umeangukia mabega ya mpimaji.

Kwa hiyo madai ya wapimaji yasiachwe kuwa yao peke yao. Mwashi, dereva, mchuma chai, kuli wa bandarini: damu yako iko juu ya kioo kile. Chama kikikaa mezani na tajiri au Serikali, kidai vioo vya siku viwe na mpaka, mpimaji wa pili penye foleni ndefu, kiti kisichoumiza mgongo, taa ya akiba, na fundi wa kutunza lenzi.

Tajiri akisema ni gharama, tumwulize gharama ya mtu anayemezeshwa dawa ya malaria huku kifua kikuu kinamla. Hiyo hulipwa na watoto wake, na wenzake wanaovuta hewa moja naye karakanani.