Zuia matangazo langoni mwa nyumba

Je, mzazi, mtoto wako amewahi kufungua ukurasa wa masomo kwenye simu akavamiwa na tangazo la kamari kabla ya kusoma mstari wa kwanza? Wazazi wengi hukimbilia kumnyang'anya simu. Lakini runinga na tarakilishi nazo zimo humo humo nyumbani.

Afadhali uanzie kwenye rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Kila tovuti ina jina, ilhali mitambo hutafutana kwa nambari. Kazi ya kupata nambari ya kila jina hufanywa na seva za DNS, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka wa 1983. Ni kama kitabu cha nambari za simu. Matangazo mengi huletwa na seva nyingine zenye majina yake, si tovuti unayoisoma. Majina hayo yakikosekana kitabuni, tangazo haliji.

Fungua ukurasa wa rauta, ambao mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingiza neno la siri, tafuta sehemu ya DNS, kisha uandike 94.140.14.14 na 94.140.15.15. Hizo ni nambari za AdGuard, na huduma hiyo hailipiwi. Ukitaka kuzuia picha chafu pia, andika 94.140.14.15 na 94.140.15.16. Kwanza nakili nambari za zamani, usije ukakwama. Ikiwa sehemu hiyo imefungwa, iulize kampuni inayokuuzia intaneti.

Hata hivyo, usitarajie miujiza. Matangazo ya YouTube yatabaki, kwani hutoka kwenye seva zile zile zinazoleta video. Na mtoto akitumia bando za simu yake, rauta yako haina habari naye.

Kuna jambo jingine zito. Mwenye seva ya DNS anaweza kuona kila jina la tovuti linaloulizwa nyumbani. Ukijiwekea seva yako, kwa mfano kwa programu ya Pi-hole, orodha hiyo utaisoma wewe. Huenda ukaona tovuti ambayo binti yako wa sekondari alitafutia ushauri kuhusu jambo analolionea haya. Kwa hivyo keti na jamaa yako kabla ya kugusa rauta. Waeleze unachozuia, sababu yake, na nani ataiona orodha. Mtoto akijua analindwa atakuja kukuuliza. Akigundua anachunguzwa kisirisiri, atanunua bando.