Mwanga Ukatao Chuma na Hatima ya Karakana Zetu

Mitambo ya kukata metali kwa leza imekwisha kuingia katika viwanda vya Afrika ya Mashariki, na kila inapozungumzwa wenye viwanda hugawanyika makundi mawili. Wapo waaminio kwamba asiyeinunua atabaki nyuma milele. Wapo pia waionao kuwa anasa ya mataifa tajiri, itakayowanyang'anya mafundi wetu riziki. Kwa maoni yangu leza inatufaa, na inatufaa sana, ila kwa masharti mawili: itufikie kama huduma ya pamoja kwa karakana nyingi, na maandalizi ya watu yautangulie ununuzi wa mtambo.

Yafaa kwanza msomaji aelewe leza ni kitu gani. Mwanga wa taa ya kawaida ni mchanganyiko wa rangi nyingi, nao hutawanyika kila upande. Mwanga wa leza huwa wa rangi moja, mawimbi yake huenda kwa mpigo mmoja, na kwa hiyo lenzi huweza kuukusanya mahali padogo kuliko nusu ya milimita. Msingi wa nadharia yake uliwekwa na Albert Einstein mwaka 1917, lakini leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, kwa kutumia fimbo ya yakuti nyekundu. Mwaka 1964 Kumar Patel akavumbua leza itumiayo gesi ya kaboni dayoksaidi, na Mei 1967 Peter Houldcroft wa Uingereza akaongeza mkondo wa oksijeni kando ya mwanga huo, akakata bamba la chuma lenye unene wa milimita 1.

Jambo hili la mwisho si geni kwa mafundi wetu. Fundi akataye kwa gesi huupasha chuma moto kwa ndimi za asetilini, kisha hufungulia oksijeni ili chuma chenyewe kiungue na taka yake ipeperushwe. Leza itumiayo oksijeni hufuata kanuni iyo hiyo, ila mahali pa ndimi za moto pameshikwa na mwanga, na mkono wa fundi umepokewa na kompyuta iusomao mchoro. Kwa chuma kisichoshika kutu hutumiwa nitrojeni badala ya oksijeni, ili ukingo ubaki safi bila kuungua.

Hadi mwanzoni mwa karne hii leza za kaboni dayoksaidi ndizo zilizotawala viwandani. Siku hizi nafasi yao imechukuliwa kwa sehemu kubwa na leza ambazo mwanga wake huzaliwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu. Leza ya kaboni dayoksaidi hugeuza takriban asilimia 10 tu ya umeme kuwa mwanga. Ile ya uzi wa kioo hupita asilimia 30. Yaani, ili kupata kilowati 3 za mwanga, ya kwanza hudai kilowati 30 za umeme, na ya pili hutosheka na 10, mbali na umeme wa kupoza mtambo.

Je, mwananchi wa kijijini anafaidika nini na haya yote? Natuchukue mfano wa mashine ya kusaga nafaka, ambayo hutengenezwa katika karakana nyingi za miji yetu. Ndani yake zimo nyundo, yaani vipande vya chuma vizungukavyo kwa kasi na kuzipasua punje. Nyundo hizo zikikatwa kwa mkono, hazikosi kupishana uzito. Tuseme nyundo moja imeizidi mwenzake wa upande wa pili kwa gramu 20 tu, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Shafti ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gramu hizo 20 huzaa nguvu inayokaribia uzito wa mzigo wa kilo 40, ikiivuta shafti huku na huko mara 50 kila sekunde. Beringi huliwa, boliti hulegea, na mashine husimama. Basi mama aliyetoka mbali na debe la mahindi kichwani hurudi nalo kama alivyokuja, na fundi hulaumiwa kwa kosa ambalo tindo na msumeno haviwezi kulikwepa.

Leza hukata nyundo mia moja zinazolingana kwa sehemu ndogo ya milimita, na hutoboa matundu ya chekeche kwa kipimo kimoja. Zaidi ya hayo, nyundo moja ikiharibika baada ya miaka 5, mchoro ungali umehifadhiwa, na kipuri kitakachokatwa kitaingia mahali pake bila kupigwa tupa. Faida kubwa ya leza kwetu, basi, ni vipuri kulingana. Kasi inayosifiwa katika matangazo ya wauzaji huja baada ya hiyo.

Hata hivyo, bei ya mtambo ni mwanzo tu wa gharama. Mtambo hudai umeme usioyumbayumba, hewa kavu, maji safi ya kupoza, mitungi ya gesi, na vioo na pua za kubadilishwa kila zichakaapo. Kisha hudai kazi ya kutosha. Mtambo ufanyao kazi saa 2 kwa siku huibebesha kila saa ya kazi mara 4 ya gharama ya ununuzi ambayo ingebebwa na mtambo ufanyao kazi saa 8. Karakana yenye mafundi watano haiwezi kuulisha mtambo wa namna hiyo, lakini karakana thelathini zaweza.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika Tanzania tunalo shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lenye ofisi mikoani. Na huko Arusha ipo TEMDO, iliyokabidhiwa kazi ya usanifu wa mitambo. Nashauri vyombo vya namna hii viwe na vituo vya kukatia ambako fundi yeyote ataleta mchoro na bamba lake, alipie dakika alizotumia, kisha arudi kwake kukunja, kuchomelea na kuunganisha. Vyama vya ushirika vya mafundi navyo vyaweza kufanya hivyo. Wenzetu wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, ambao hufanya kazi bega kwa bega katika eneo moja, wamekwisha kuwa na sura ya jumuiya inayohitajika.

Nakubali kwamba hoja ya riziki ni nzito. Kijana anayejifunza ufundi huanza kwa kukata, na kazi hiyo ikihamia kituoni, ngazi yake ya kwanza itakuwa imeondolewa. Kumwambia kwamba zimebaki kazi za kuchomelea na kupaka rangi hakutoshi. Ni lazima ajengewe ngazi nyingine, nayo ni uchoraji wa kiufundi. Mtambo wa leza hutii mchoro kwa uaminifu wa kutisha, na mchoro wenye kosa utazaa makosa mia moja yanayolingana. Nasikitika kuona somo hilo likihesabiwa kuwa la wachache. Kila chuo cha ufundi hakina budi kulifundisha kwa penseli na kwa kompyuta, kwa lugha anayoielewa mwanafunzi.

Usalama nao usisahauliwe. Mwanga wa leza ya uzi wa kioo hauonekani, hivyo kope haliwahi kufumba. Hupita katika lenzi ya jicho na kuiunguza retina papo hapo. Miwani ya mchomeleaji haitoshi kuuzuia. Mabati yenye zinki hutoa moshi uletao homa, na plastiki ya PVC hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni idhuruyo mapafu na kuula mtambo wenyewe. Mtambo usio na kizimba kilichofungwa na bomba la kutolea moshi usikubaliwe, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo, wanaopanga bajeti za viwanda nawaomba wasianze na orodha ya mitambo. Waanze kwa kuhesabu karakana zilizopo katika kila mji, wajue zinakata chuma kiasi gani kwa mwezi, kisha wawafundishe wachoraji na mafundi wa matengenezo. Mtambo ukifika baada ya hapo utakuta kazi inausubiri. Ukitangulia, utafunikwa turubai, na mashine za kusaga za vijijini zitaendelea kutetemeka.