Kuchota si Kuiba

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba msanii anayechota kwa wenzake hana chake, atuambie basi taarabu tuiweke wapi. Udi na kanuni ni ala za Waarabu. Muziki wenyewe ulipendwa kwanza kasrini Unguja kwa mtindo wa Misri, na tangu 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikauendeleza. Kwa kipimo cha mwandishi huyo, mwimbaji wa Unguja Siti binti Saad alikuwa mwigaji tu. Lakini tazama alichokifanya. Muziki uliozoeleka kuimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa, yeye aliuimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kuurekodi. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia kesi ya kweli: mwanamke kauawa, muuaji katoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Habari hiyo hakuiazima Cairo. Aliitoa kwa watu wake mwenyewe, na uchungu wake ni wa Unguja.

Najua nitaambiwa kwamba hoja hii inawafungulia mlango wanaonyakua wimbo mzima, wakabadili jina na kujiandikia utunzi. Hasha! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hulinda kazi iliyotungwa, si wazo tupu, na mpaka huo ni wa haki. Anayenyakua kazi ya mtu na alipe, tena amtaje mwenyewe. Ila kumweka kijana anayejifunza kwa magwiji kundi moja na mwizi ni kumdhulumu, na mwandishi yule anapaswa kuifuta kauli yake.